Matone Matatu Aliyoyafuta Lazare

Saa tatu asubuhi, Lazare Mushagalusa ameinamia daftari la marehemu ambaye hakupata kumjua. Mkono wa kulia umeshika ukurasa kwa ncha za vidole. Wa kushoto umesita juu ya kitufe cha kamera.

Yumo ghalani Minto, kusini-magharibi mwa Sydney, ambako maandishi ya zamani hupigwa picha kwa ajili ya chuo kikuu. Lazare, mwenye miaka hamsini na mmoja, hupiga picha kurasa mia tisa kwa siku. Madoa ya chai na ukungu huyafuta pichani kwa mashine ili maneno yasomeke.

Jana alifuta madoa matatu, na tangu hapo hajatulia.

Daftari ni la profesa aliyechambua utungo wa Kilatini wa baba anayemzika mwanawe. Lazare anakielewa Kilatini. Alikisoma seminarini Bukavu kabla vita havijamkimbiza. Kurasa mia nzima profesa analinganisha nakala na kupima mizani, hacheki wala hanuni. Afikapo pale baba anapomfumba mtoto macho, wino umetawanywa na matone matatu, yale aliyoyafuta jana. Pembeni ameandika: “Mstari huu si wa mshairi. Uondolewe.”

Ukurasa unaofuata una tarehe, na maneno machache chini yake: mazishi ya Peter, mwanangu.

“Ni akili iliukataa ule mstari, ao ni moyo?” anauliza Lazare. “Padri wetu wa seminari alisema machozi inaharibu sarufi. Siku tulisoma kifo ya ule mtoto, ni yeye alitoka inje.”

Msimamizi wake, Gakii, mzaliwa wa Meru, hashawishiki.

“Papa Lazare, hayo ni maji tu. Pengine alikuwa anakunywa.”

“Chefu, matone tatu, mstari moja?”

“Basi jasho. Februari ya huku huijui?”

Lazare anaurudia ule ukurasa. Alimzika bintiye Aline kwenye kambi ya wakimbizi bila kudondosha chozi, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akiwatafuta wengine waliopotea.

“Labda ninaona kilio yangu kwenye karatasi ya mwenzangu,” anasema. “Sijui. Kweli sijui.”

Sanduku lenye daftari linarudishwa chuoni saa nane. Kufungua upya ukurasa uliokwisha kukabidhiwa huandikwa kuwa kosa, na hili litakuwa la tatu kwake. Kibarua mwenye makosa matatu kwa kawaida haitwi wiki inayofuata.

Saa saba na nusu anajaza fomu: “Nimefuta kitu nisichokijua.”

Gakii anaisoma mara mbili, anashusha pumzi, anatia sahihi. “Fungua haraka, lori halijafika. Na ukiulizwa, usinitaje.”

Lazare anaupiga picha ukurasa upya, na matone yake yote matatu.

Kama Jumatatu simu italia, atarudi kazini. Isipolia, amepanga kupanda treni hadi chuoni, aombe kulisoma daftari hilo mpaka mwisho.

“Ninataka kuona,” anasema akifunga sanduku, “kama kuna siku aliurudisha ule mstari.”