Folda ya Wachangia Damu

Asubuhi ile ya Jumatatu Nyanzala Ngusa alikuwa ameiwasha programu ya wachangia damu mara nne, na mara zote nne ilizima yenyewe baada ya sekunde mbili. Programu nyingine za hospitali zilikuwa zinafanya kazi. Ni hiyo moja tu, ile inayojiendesha yenyewe kwenye seva, kompyuta kuu ya hospitali, bila mtu kuiona, ikitunza majina ya wachangia damu wa Mpanda, makundi yao, majibu ya vipimo vyao na namba zao za simu.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtoto wa wafugaji waliohamia Mpimbwe na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Mwaka wa tatu sasa ndiye alikuwa fundi pekee wa kompyuta hospitalini pale, na alizoea kufanya kazi polepole, mlango umefungwa.

Saa nne kasoro mlango ulisukumwa. Aliingia Donatille, mkuu wa maabara, mama mtu mzima ambaye siku zote hutembea taratibu. Leo alikuwa anahema.

"Nyanzala mwanangu, orodha haifunguki."

"Naishughulikia, mama. Nipe mpaka mchana."

"Mchana hatuna. Kuna binti kaletwa kutoka Mwese, kajifungulia njiani, damu haikatiki. Ni kundi O hasi, na kwenye friji sina hata chupa moja."

Nyanzala aligeukia skrini. Alijua alichokifanya. Jumamosi diski ya seva ilikuwa inagonga, akahamishia kila kitu kwenye diski mpya. Alitumia jina lake la kuingilia kama msimamizi, akafungua faili mbili tatu, akaona zinasomeka, akarudi zake nyumbani Kawajense. Hakuiwasha programu yenyewe kuona kama itakubali. Na diski ya zamani sasa ilikuwa imekufa kabisa.

Ujumbe kwenye skrini ulisema: ruhusa imekataliwa. Programu ile haitumii jina la Nyanzala, ina jina lake yenyewe ndani ya seva. Na folda yote ya wachangiaji sasa ilikuwa mali ya msimamizi, yaani Nyanzala.

Kabla hajagusa kitu, Dokta Methusela alisimama mlangoni na gauni la upasuaji.

"Shida iko wapi?"

"Folda imefungwa, daktari. Programu hairuhusiwi kuingia."

"Si uifungue! Fungulia kila mtu, utaratibu tutauona baadaye."

"Mle ndani kuna majibu ya vipimo vya watu. Kila anayeingia kwenye seva atayaona."

"Nyanzala, nina mtu anakufa."

Akafungua. Kila folda, kila faili, kwa kila mtu. Akaiwasha programu. Sekunde mbili, ikazima.

Daktari aliangalia skrini, akamwangalia yeye, akarudi chumba cha upasuaji. Donatille alivuta kiti, akatoa daftari la zamani la wachangiaji, akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine. Namba ya kwanza haipatikani. Ya pili ilipokelewa na mtu mwingine kabisa. Ya tatu haipatikani.

Nyanzala akajaribu kuiendesha programu kwa jina lake la msimamizi. Ikakataa: haifanyi kazi chini ya jina hilo. Alitaka kuzima seva nzima na kuiwasha upya, mkono ukawa umeshafika kwenye batani, kisha akaurudisha. Akafungua faili ambamo programu huandika kila inachokutana nacho, akaisoma mstari kwa mstari kwa sauti ya chini.

Ndipo alipoona. Tangu afungue kila kitu, ujumbe ulikuwa umebadilika, na yeye kwa haraka hakuuona. Haukusema tena ruhusa imekataliwa. Ulisema folda iko wazi kwa watu wengine, na programu haitawaka mpaka ifungwe.

"Inakataa kwa sababu nimeifungua," alisema.

"Nini?" Donatille aliuliza, simu sikioni.

"Inataka folda iwe yake peke yake."

Akaihamishia folda ya wachangiaji kwenye jina la programu, kisha akafunga kwa wengine wote kila alichokuwa amekifungua. Akawasha. Ikazima. Ruhusa imekataliwa, tena.

"Mungu wangu," alisema. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita tangu Donatille aingie.

Safari hii hakubahatisha. Aliingia kwenye seva kwa jina la programu na kuanza kupita folda moja moja kutoka nje kwenda ndani. Akazuiwa kwenye ya kwanza kabisa: ile folda kubwa ya nje aliyoitengeneza mwenyewe Jumamosi kwa jina lake, na ambayo sasa hivi ameifunga pamoja na nyingine. Akairuhusu programu ipite pale, ipite tu. Akawasha.

Sekunde mbili. Tano. Kumi. Haikuzima.

"Mama, njoo!"

O hasi walikuwa sita. Wa kwanza, Specioza, alikuwa Ikola, ziwani, amefuata dagaa. Wa pili, Gideon, fundi wa kuchomelea, alipokea akiwa kazini, mashine ikinguruma. "Nakuja," alisema, akakata. Alifika kwa bodaboda na aproni ya ngozi bado kifuani. Nusu saa baadaye akaja mwalimu Maiko, wa tatu kwenye orodha.

Binti yule, Séverine, alipona. Kizazi chake walilazimika kukitoa, na mtoto aliyemzaa njiani ndiye atakuwa wa pekee.

Jioni Nyanzala alimfuata daktari ofisini. "Kosa lilikuwa langu, tangu Jumamosi. Nimewachelewesha dakika arobaini."

Dokta Methusela aliweka kalamu mezani. "Na mimi nilikwambia ufungue."

"Mngekuwa na damu mapema, kizazi kingepona?"

"Sijui," alisema. "Ningejua ningekwambia."

Nyanzala alirudi chumbani kwake, akaketi mbele ya skrini, akaanza kuandika taarifa ya siku ile. Kwenye nafasi ya chanzo cha tatizo aliandika jina lake.