Tiki Niliyoipiga kwenye Kalenda za Baba Mkwe

Leo nacheka, lakini mwaka ule wa 2013 nilitamani shamba zima la mihogo la hapa kijijini Murungu linifunike. Mimi ni mtu wa nyumbani, nilipotoka Kasulu kuolewa huku Kibondo nilijua safari zangu zimekwisha, ila nilikuja na cheti cha kidato cha nne chenye B ya hisabati, na baba mkwe, mwalimu mstaafu, akapata habari.

Yeye tangu ujanani alidai amethibitisha kwamba kila namba shufwa inayozidi mbili ni jumla ya namba tasa mbili (jambo lililowashinda maprofesa wa dunia nzima), na uthibitisho wote kauandika nyuma ya kalenda kuukuu. Akaniletea furushi. "Mwanangu, wewe ndiye utakayeamua. Ni kweli au si kweli." Mimi maharage yanaungua jikoni, na kwetu mkwe hamwambii baba mkwe amekosea, basi nikapiga tiki kubwa kwenye kalenda ya juu, ya pili sikuifunua, nikakimbilia sufuria.

Mzee akaitembeza ile tiki kijiji kizima. Kwenye sherehe ya kipaimara ya wifi yangu akasimama, akatangaza anaupeleka uthibitisho wake chuo kikuu Dar, "na mkwe wangu aliyeukagua atawaelezeni." Nikasimama, nikasema mfano sitini, hiyo ni hamsini na moja jumlisha tisa.

Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Tanga, akauliza kwa upole, "Shemeji, tisa si tatu mara tatu?"

"Na hamsini na moja ni tatu mara kumi na saba, zote mbili si tasa," akadakia mwenzake.

Watu wakaangua kicheko, mpaka padri. Mzee hakucheka.

"Kumbe hukusoma, mwanangu," akasema, akakaa.

Hapo ndipo nilipoumia. Nikazisoma kalenda zote, safari hii kweli, nikalikuta kosa: kajaribu namba mpaka elfu moja, kisha kaandika "na nyingine zote ni hivyo hivyo." Nikapiga magoti mbele yake. "Baba, haijathibitika. Hapa umekadiria tu." Nikangoja nifukuzwe.

Akapatazama pale kidole changu kilipogusa. "Miaka yote wananipa hongera," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kufika hapa." Safari ya Dar akaifuta.

Tangu hapo sipigi tiki nisichokisoma, hata daftari la mwanangu wa darasa la kwanza, na hata ningetaka sina ujanja, maana baada ya siku chache mzee alirudi na furushi jingine, swali jingine, akaniambia nisiharakishe.