Mama Alipofunga Safari ya Ngazidja

Ofisi yetu ya Diani ilikuwa ikipeleka wasafiri Komoro, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza habari za visiwa hivyo kabla hawajaondoka. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika. Niliyoyajua yote niliyapata kwa mama yangu, aliyezaliwa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, akaolewa huku Msambweni akiwa msichana, asirudi kwao tena. Niliwasimulia wageni juu ya mlima unaotoa moto, harufu ya maua ya milangilangi, na neno la kuwaamkia wakubwa, "kwezi". Kila mwaka nilimwambia mama, "Inshallah mwaka huu tutakwenda," naye akawapigia simu nduguze. Kila mwaka kazi ilinizuia, au niliiacha inizuie.

Kisha akili ikaanza kumpotea. Jina langu alilisahau, lakini kijiji chao alikitaja nyumba kwa nyumba. Nikaona ni heri wageni wamsikie mwenyewe. Nikaleta nyumbani mtu na mkewe, Wazungu wa makamo waliokuwa wakisafiri kesho yake. Yule mke akainama. "Kwezi," akasema, kama nilivyomfundisha.

Mama akamkazia macho. "Mmetumwa kunichukua?"

Kabla sijasema neno, akaingia chumbani. Alirudi amevaa buibui, amebeba furushi la nguo na msahafu wake juu. Akamshika yule mke mkono.

"Mmekawia, lakini alhamdulillahi. Haya, twendeni."

"Anasema nini?" mgeni akaniuliza kwa Kiingereza.

"Anawatakia safari njema."

Uongo huo niliusema mbele ya mama yangu. Nikamwachisha ule mkono, kidole baada ya kidole, nikimbembeleza: "Kesho, Mama. Gari limeharibika."

"Sawa, mwanangu," akasema. Alikaa kizingitini hadi adhana ya magharibi. Kesho yake alfajiri nikamkuta amekwisha kuoga na kuvaa.

Hakuufikia mwezi wa Ramadhani. Tulipotoka kuzika nilimpigia simu mdogo wake kule Ngazidja. Alilia sana, kisha akauliza taratibu, "Mbona hukumleta, mwanangu?"

"Kazi, Mama mdogo."

"Sisi chumba chake tulikipaka chokaa kila mwaka uliposema mnakuja."

Ofisini sikurudi tena.