Mama mkwe aligoma kula kwangu wakati wa vita, nikaanza kutwanga karanga

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Goma, mtaa wa Keshero. Mke wangu Furaha amekaa pembeni anasoma kila neno, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Vita ilipofika kwao Masisi, mama mkwe alikimbia kwa miguu. Akafika kwetu na mfuko wa karanga za kukaanga, zawadi yetu.

Nyumba yetu ni ya mbao, chumba na sebule, katikati pazia.

Sasa shida. Kwao, mama mkwe haruhusiwi kula nyumbani kwa mume wa binti yake. Hata kumsemesha moja kwa moja hamsemeshi. Mimi mtoto wa mjini nilidhani hayo yanabaki kijijini, nikambebea sahani mwenyewe, natabasamu.

Akajifunika uso kwa kitenge. Nilijiona mjinga kweli.

Siku za amani Furaha angempeleka kula kwa jirani. Lakini kesho yake mabomu yalikuwa yanalia upande wa mtaa wa Lac Vert, na hakuna aliyetoa mguu nje. Siku ya pili ikapita, yeye ni maji tu.

Furaha akamlilia: "Mama, kula kidogo. Ni vita!"

"Vita haiwezi ondoa heshima," akajibu nyuma ya pazia.

Sauti ilikuwa imeshuka sana. Niliogopa, wakuu. Mama wa watu afe njaa kwangu, na chakula kipo?

Makaa ya kupikia yalikuwa yameisha. Tulibaki na mkate wa juzi, karoti tatu, kitunguu, ndimu na zile karanga. Nikasema basi, nitengeneze kitu cha kupaka kwenye mkate, labda Furaha atambembeleza.

Nikaanza kutwanga. Nikaona karanga ni nzito, nikamwagia maji. Waliowahi kushika mchi mmeshacheka: zote zikashikana donge moja.

Pazia likasema:

"Furaha, uyu bwana yako anatwanga namna gani? Ni kama anapigana na kinu!"

Akatoka. Bila kunitazama akachukua mchi. Nikageukia ukuta.

Akaongeza karanga kavu, akatwanga polepole mpaka zikatoa mafuta yake. Furaha akakwaruza karoti, mama akazikamua kwenye kitambaa maji yote yatoke (hiyo ndiyo siri, msiiruke). Kitunguu kidogo, ndimu, chumvi.

Akapaka kwenye kipande cha mkate, akaonja.

"Chumvi iko kidogo."

Furaha akaongeza. Kipande kingine.

"Ndimu."

Kipande kingine. Mpishi lazima aonje, hata kwao hakuna anayemkataza. Mimi nausoma ukuta kama gazeti, nasikia mtu anatafuna, na machozi yananitoka.

Mkate ulibaki nusu.

"Sasa ambia bwana yako akule," akasema, akarudi nyuma ya pazia.

Nilichojifunza: mtu aliyeacha shamba na nyumba, usimwombe aache na heshima yake. Mtafutie njia ya kupita nayo.

Kama kwenu kuna mambo kama haya, tuambiane hapa mnayamalizaje. Na wenye kuweka hoho badala ya karoti mseme pia.

Sisi bado tunaishi naye, mwezi wa nne sasa, na kila chakula anaitwa jikoni kusahihisha. Kwangu hajala hata siku moja. Ameonja tu.