Gari la Baba na Chupa ya Mafuta ya Nazi

Wiki ya harusi ya mdogo wangu, gari la marehemu baba lilianza kulia. Ukiliwasha tu, chwiiii! Paka anaruka ukuta, kuku wanatawanyika. Mimi, mwalimu wa sayansi hapa Wete, niliyerithi gari na ufunguo wake, nilitamani ardhi ipasuke.

Na mdogo wangu alikuwa ameshatia nia: kwa mumewe Wingwi haendi ila ndani ya gari lile. Baba alimwahidi tangu yuko darasa la nne kuwa atampeleka mwenyewe. Mungu hakujaalia. Basi gari ndilo lililobaki.

Ami yetu, ndugu yake baba, hakutaka kusikia hayo. "Barabara ya Wingwi ile! Injini imeshakufa hiyo. Kama mpaka kesho alasiri bado inalia, mie nakodi gari la watu." Mdogo wangu akajifungia chumbani na hina yake mkononi, analia. Hasira zikanipanda. Kufa! Injini iliyokufa huwaka mara moja tu ukigusa ufunguo?

Nikaliwasha gari, nikafungua boneti, nikachukua mwiko wa mama, ule mrefu wa kupikia pilau la shughuli. Ndivyo alivyokuwa akifanya baba: ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni. Pampu ya maji nikaisikia inanguruma kwa raha zake. Alteneta ya kuchaji betri, salama. Majirani wakacheka, eti mwalimu anaonja injini. Wacheke! Kelele ilitoka kwenye mkanda wa feni, ulikuwa unateleza badala ya kushika.

Nikazima, nikaugusa. Vidole vikatoka vinang'aa. Nikanusa. Nazi!

"Nani katia mafuta ya nazi humu?" nikauliza ua mzima.

Mama akatazama chini. "Mie. Kila Ijumaa natia kidogo. Baba yenu hakuwa akiacha kitu chake kikauke. Kwani cherehani ikilia tunaitia nini?"

Lo! Nilicheka hadi nikakaa chini. Cherehani, bawaba za mlango, hata kichwa changu utotoni, vyote vilipata mafuta kutoka chupa ile ile. Nikamweleza kuwa mkanda wa gari hutaka ukavu. Akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. "Basi nimeliharibu mie gari la baba yenu?" Machozi yalimlenga, na mimi nikaona haya kwa kicheko changu. Tangu msiba wa baba, mama hakuwa amepiga hata kigelegele kimoja, harusi za ndugu zote alikaa pembeni.

"Hujaharibu kitu, mama. Ni mkanda tu."

Asubuhi nikanunua mpya, nikasugua kwa sabuni vile vigurudumu vya injini unapopita mkanda, nikaufunga, nikawasha. Hata paka hakuamka. Ami akalizunguka gari mara mbili, akaenda zake msikitini.

Siku ya kumpeleka, bibi harusi alikaa nyuma kati ya shangazi zetu wawili, mama mbele nami. Vigelegele vya shangazi vilianzia mlangoni. Tuliyaingia mashimo ya barabara ya Wingwi, na vigelegele bado vinaendelea. Injini nitaisikia vipi?

"Nyamazeni kidogo, nilisikilize gari!"

Wakanyamaza. Gari lilinguruma kwa sauti ya enzi za baba, hakuna hata chwi. Mdogo wangu akanyoosha mkono wenye hina, akamshika mama begani. Mama akainua kichwa, akapiga kigelegele kirefu, na mwenye kusikiliza injini tena hakuwapo.