Maua ya Mpakani kwa Shosho Njeri

Kilichotutoa Bungoma ni kijito. Shosho Njeri, bibi mzee aliye rafiki wa mama yangu tangu walipouza viazi pamoja sokoni Kitale, alipiga simu akilalamika kwamba kijito cha shambani mwake, nje ya Kitale, kinakauka. Mimi ni mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu hapa Kibabii, basi nikadakia: tutakwenda kupiga kambi na kupanda miti. Mama alinionya jambo moja. Shosho na jirani yake, Mzee Simiyu, waligombania mpaka miaka mingi, na ndiyo kwanza wameanza kusalimiana. "Nekesa, usiende kutibua," alisema. Nikamjibu kwamba miti haitibui mtu.

Ijumaa asubuhi basi la kukodi lilitupitisha Ndalu, tukachukua miche ya mikuyu na mianzi. Kutoka hapo kila mtu alipakata mche wake, na Brayo, mcheshi wetu, akaupa wake jina: Mheshimiwa. Ukishapita Kiminini baridi inakuingia hadi kwenye meno. Mimi mwoga wa baridi nikaanza kujuta mapema.

Alasiri Shosho alitupokea kwa mukimo wa viazi na mahindi, na chai. "Karibuni watoto wangu. Mkilala njaa hapa, shauri yenu." Tulisimamisha mahema, langu lilianguka mara mbili. Jioni tulivuka kijito kwa kamba, na maji yalikuwa machache hivi kwamba aliyeanguka aliloa viatu tu. Tulicheka, kisha tukaona aibu kucheka.

Jumamosi Shosho alikwenda sokoni, akatuachia kazi ya kupanda ukingoni. Tulipomaliza, miche ilibaki. Palikuwa na safu ya maua yenye majani mapana, kutoka kijitoni hadi barabarani. "Hizi si ni magugu tu, bana," Brayo alisema. "Ng'oeni," nikasema mimi, mwenyekiti. Tuling'oa yote na kulima pale pote pakawa laini.

Adhuhuri akapita mzee na ng'ombe wake. Akasimama ghafla.

"Nani ameng'oa mupaka?"

"Kuka, tulidhani ni maua," nilimjibu, maana kwetu babu ni kuka.

"Mmeng'oa bila kuuliza?" Ndiye Mzee Simiyu. Alitueleza kwamba ile ni itoka, ambayo watu wa kwao Shosho hupanda mpakani na haiguswi. Siku ya kupatana, yeye na Shosho waliipanda pamoja. "Sasa nyinyi ni watoto wa Bungoma, na mimi ni wa Bungoma. Si atasema nimewatuma?"

Maneno ya mama yalinirudia yote.

Shosho aliporudi aliona rundo la maua, akamtazama Mzee Simiyu. Nikapiga magoti. "Shosho, ni mimi niliyesema yang'olewe. Kuka hata hakuwepo."

Akamgeukia mzee. "Simiyu, unakumbuka ilipita wapi?"

"Nakumbuka."

"Basi anza huko barabarani. Mimi nitaanza huku chini."

Wakagawana maua, wakaanza kupanda, kila mmoja ameinama upande wake. Sisi tulisimama tu. Hata Brayo hakuwa na mzaha. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo safu zile zisipishane.

Zilikutana katikati. Shosho alinyoosha mgongo, akaangalia ua la mwisho la mzee.

"Hapo umejinyima, Simiyu. Umeingia kwako."

"Wacha tu. Hapo hata mahindi haishiki."

Shosho akacheka. Mimi nilikaa chini kwenye udongo, nikalia kwa raha bila kuona haya.

Jumapili, baada ya ibada, tulipanda miche iliyobaki, kila shimo kwa ruhusa. Ndani ya basi nilijiambia kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba kabla ya kupanda chako ni vizuri ujue mwenzako alipanda nini. Hata hivyo sikutulia. Maua yaliyong'olewa na kushinda juani, nani ajuaye?

Juzi Shosho alipiga simu. Mheshimiwa wa Brayo amekauka, na mianzi kadhaa imeliwa na ng'ombe wa Mzee Simiyu. Alikuwa akicheka.

"Na yale maua?" niliuliza, roho mkononi.

"Yote yameshika."