Sabuni ya Kunukia na Msalaba wa Zambarau

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikuazima kwa mtu, na nyie wajukuu mnaouliza kwa nini bibi anajaza kitambaa upande huu wa gauni, sogeeni niwaambie, ila atakayecheka kabla yangu, leo anapika yeye.

Miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka ya Mbinga yamefurika vitu, mimi nilikuwa na punje ndani ya titi, imejificha huko, ukibonyeza huipati. Basi hospitali ya masista kule Lituhi akaja daktari mgeni na mashine ya kutazamia ndani. Akanilaza chali, mkono juu ya kichwa, akatafuta weee, akaiona, akanichora msalaba wa zambarau juu yake. (Alikuwa anaongelea puani, hivi:) "Mama, mashine inarudi Songea leo. Kesho nitafuata alama hii, nitoe punje tu, titi libaki. Usiitie maji."

Titi libaki! Nilimshukuru mpaka akachoka.

Sasa wifi yangu Anastazia, sauti kama kuku anayetaga, akaja kuniuguza na sabuni ya kunukia kutoka Mbinga. "Wifi! Uingie kwa daktari unanuka usipa? Wakuvue nguo, watu wakimbie?" Na kweli, kwa kuanika samaki wale miaka yote, harufu ilishaingia mifupani. Nikasema nitapita pembeni ya alama. Jamani, ile sabuni! Povu hilo, nikajisahau, nikasugua kama nasugua sufuria, kuja kutazama, msalaba hakuna.

"Twende tukamwambie," Anastazia analia. Mimi? Mtu kanikataza maji, niende kwake nanukia hivi? Nikasema chora. Akaomba dawa ya vidonda, ile ya zambarau, nikasimama kifua mbele, akachora palepale tulipokumbuka.

(Tulikosea wapi? Titi la bibi akisimama liko tumboni, akilala linakimbilia kwapani. Daktari alinichora nimelala, sisi tukachora nimesimama.)

Kesho yake daktari akashangaa: "Mama, mbona alama imenenepa?"

"Imelala vizuri, baba." Masista wakacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka, wajukuu zangu, halafu nikachomwa sindano ya usingizi.

Kuzinduka, amekaa pembeni ya kitanda, hata ile pua haisikiki. "Mama, nimekata pale, nimetafuta, hamna kitu." Ndipo nikasema yote ya sabuni. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Mashine sina, na kukisia siwezi. Tukiiacha itakuua."

Basi, titi likaondoka lote. Wakalipasua, wakaikuta punje huko upande wa kwapani, ndogo kama ulezi. "Sehemu nyingine zote zilikuwa nzima," alisema, akaangalia dirishani.

Anastazia hakuwahi kuniletea sabuni tena, na mimi sikuomba. Mtu akinichora mwilini leo, hata kwa mkaa, nitakaa na mchoro wake mpaka nioze. Naoga kwa maji matupu. Mkikaa na mimi kanisani mkasikia usipa, nyamazeni, kunukia nilishanukia siku moja.